Jina Alilopewa na Bibi Yake



Ilikuwa likizo ya mwezi wa 6, mwaka 2024. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha tatu, alirudi nyumbani kutoka shule ya bweni akiwa mnyamavu kuliko kawaida yake. Tulidhani ni uchovu wa safari. Usiku wa pili, baada ya kula na kuondoa vyombo, alibaki amekaa mkekani, kisha akasema, "Baba, mama, nina ombi. Shuleni wametuambia tuhakiki majina yetu mapema, kwa sababu jina litakaloingia kwenye usajili wa mtihani wa kidato cha nne ndilo litakalokuwa kwenye cheti. Naomba jina la Ntirampeba liondolewe. Nibaki Neema tu, halafu lifuate la baba na la babu."

Baba yake akamwuliza sababu. Akajibu kwamba amechoka kuchekwa. Wengine hulisoma vibaya, wengine hulikata vipande vipande na kulifanyia mzaha. Lakini hayo, alisema, angeweza kuyavumilia. Lililomwumiza ni neno aliloambiwa na mwenzake mmoja anayejua Kirundi kidogo, kwamba ndani ya jina lile mna neno la kuacha.

"Kumbe mlinipa jina la mtu aliyeachwa," akasema. "Mama, nani aliniacha?"

Tulikosa la kujibu. Tulimwambia usiku umekwenda, akalale, tutazungumza. Yeye alikwenda kulala. Sisi hatukulala.

Tunaandika habari hii kwa kusema "sisi" kwa sababu kosa tutakalolieleza tulilifanya wawili, mke na mume. Anayeshika kalamu ni mama wa nyumba hii, muuguzi mwenye stashahada, ambaye kwa miaka zaidi ya 20 amefanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto, na anayejitolea kufundisha kikundi cha akina mama kanisani. Mwenzake ni mwalimu wa shule ya msingi. Tunaishi Nyamigogo, kati ya Biharamulo na Ngara. Sisi ni watu wa kushauri wengine kila siku, tena tuna shule kidogo. Hata hivyo tulikuwa na mtoto wa miaka 16 asiyejua maana ya jina lake mwenyewe.

Maana ya jina lenyewe

Ntirampeba ni jina la Kirundi. Wahangaza wa Ngara hulielewa bila mkalimani, maana Kihangaza na Kirundi ni lugha ndugu. Hupewa wasichana na wavulana vilevile.

Yule mwenzake hakusema uongo, ila alisema nusu. Katika Kirundi, guheba ni kuacha. Lakini jina linaanza na "nti", nayo ni ya kukanusha. Kwa hiyo tukiligeuza kwa Kiswahili neno kwa neno, tunapata "haijaniacha". Msomaji atauliza, mbona si "hajaniacha"? Ni kwa sababu anayesemwa humo ni Imana, yaani Mungu, na katika Kirundi neno Imana hufuatana na "i". Jina halimtaji Mungu waziwazi, lakini mwenye lugha akilisikia tu anajua ni nani anayesemwa. Mungu hajaniacha.

Kuna jambo jingine ambalo binti yetu hakulijua. Huyo "mimi" aliye ndani ya jina si mtoto. Ni mzazi. Mtoto mchanga hana la kusema bado. Anayesema ni yule aliyempa jina, naye anawaambia walio hai na Mungu wake habari za maisha yake mwenyewe. Ndivyo yalivyo majina mengi ya upande wetu huu.

Ndugu zetu Warundi wana majina ya hesabu: Nyandwi ni mtoto wa 7, Minani wa 8, Nyabenda wa 9, Bucumi wa 10. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Wana majina ya shukrani, kama Ndayishimiye, yaani namshukuru Mungu, na Niyonkuru, yaani Yeye ndiye mkuu. Wana pia majina ya uchungu, kama Ntibazonkiza, maana yake hawataniokoa, ambalo mzazi humpa mtoto huku akiwasemea wanadamu waliomwangusha. Jambo hili ni pana kiasi kwamba msomi wa Burundi, Philippe Ntahombaye, aliliandikia kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1983. Wasukuma, ambao siku hizi ni wengi hapa kwetu, humwita Kabula msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Hata Baba wa Taifa alipozaliwa mwaka 1922 aliitwa Kambarage kwa sababu ya mvua ya siku ile. Jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Alikwenda nayo yote mawili mpaka mwisho.

Jinsi alivyolipata

Watu wote hapa kijijini hutuita Mama Neema na Baba Neema. Binti yetu alikua akijua kwamba yeye ndiye kifungua mimba wetu. Hatukuwahi kumwambia hivyo kwa kinywa, lakini hatukuwahi kumwambia vinginevyo.

Ukweli ni kwamba yeye ni wa tatu. Mwaka 2004 tulipata mtoto wa kiume aliyezaliwa kabla ya wakati wake, mimba ikiwa na miezi 7 tu. Aliishi siku 2. Mwaka 2006 tulipata mwingine wa kiume, mzima, mnene, tukamwita Baraka. Alipofika miezi 5 alishikwa na homa kali ya malaria, na siku ya tatu akatutoka. Alikuwa akilala ndani ya chandarua kila usiku. Mama yake alikuwa ameshawafundisha akina mama mamia namna ya kuchomeka chandarua chini ya godoro. Mwanamke akifiwa namna hiyo huku yeye mwenyewe ni muuguzi, hukosa hata mahali pa kuweka uso wake. Kila macho anayoyaona anadhani yanamwuliza swali.

Watu walikuja kutufariji. Walisema yale ambayo sote husema: "Usilie, mama, wewe bado kijana, utapata mwingine." Walisema kwa upendo. Basi tukaacha kulia mbele za watu, na hatimaye tukaacha kulia hata mbele ya sisi kwa sisi. Jina la Baraka halikutajwa tena mezani kwetu. Yule wa kwanza hakuwa hata na jina la kutaja.

Mwaka 2008 akazaliwa huyu msichana. Tulikuwa tumeshamchagulia jina la Neema. Mama mkwe akaja kutoka kwake Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, akiwa na unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi. Alimpakata mtoto muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema, "Huyu ni Ntirampeba."

Tulimweleza kwa heshima kwamba mtoto ameshapata jina. Akasema, "Neema ni jina lake yeye. Hili ni lenu nyinyi." Hatukumwelewa, na kusema kweli hatukutaka kumwelewa.

Namna tulivyolificha

Baba yake, kwa kumheshimu mama yake, aliliandikisha kwenye cheti cha kuzaliwa: Neema Ntirampeba. Lakini kwenye kadi ya kliniki, ambayo mama aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, tuliandika Neema tu. Siku ya ubatizo mchungaji aliuliza jina la mtoto, tukajibu Neema, tukakaa kimya. Nyumbani tulimwita Neema. Bibi peke yake ndiye aliyemwita Ntirampeba, nasi tulikuwa tukimwambia mtoto, "Ni mambo ya bibi hayo."

Tulikuwa na sababu tatu, na tunaona ni vema tuzitaje zote.

Ya kwanza ni kiburi. Tuliona ni jina la watu wa zamani, halifai mtoto wa mwalimu na muuguzi.

Ya pili ni hofu. Wasomaji wa mikoa mingine pengine hawajui jinsi jina linavyoweza kuwa zito mpakani. Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwaondoa watu walioishi nchini bila kibali. Sisi ni Watanzania, wazazi wetu na babu zetu ni wa hapahapa. Lakini mtoto wetu alikuwa na miaka 5 wakati huo, na tuliogopa kwamba mtu akilisikia jina lake atauliza, "Nyinyi mmetoka wapi?" Tukazidi kulifunika.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa, nayo hatukuijua mpaka usiku ule wa likizo. Kumweleza maana ya jina kungetulazimu kumweleza kwa nini alipewa. Na kumweleza kwa nini kungetulazimu kuwataja wale wawili. Jina lilikuwa mlango, nasi tulikuwa tumeufunga kwa sababu ya kilichokuwa nyuma yake.

Majina yanayoonekana kliniki

Muuguzi anayeandika kadi za watoto huona mengi. Tumeandika akina Zawadi, Faraja, Upendo na Tumaini. Tumeandika pia akina Tabu, Shida na Mashaka. Mara nyingi mama anayemwita binti yake Tabu hamchukii mtoto. Anaeleza mwaka aliokuwa nao: mume alikwenda machimboni asirudi, au shamba liliungua, au uchungu ulichukua siku mbili. Hana pa kuliandika jambo hilo, basi analiandika juu ya mtoto.

Hili si geni katika Maandiko. Soma Mwanzo mlango wa 29 uone Lea alivyowapa wanawe majina. Mwanamke asiyependwa na mumewe, kila anapojifungua anasema jambo la moyo wake: Reubeni, kwa kuwa Mungu ameyaona mateso yake, Simeoni, kwa kuwa amesikia kwamba hapendwi, Lawi, akitumaini kwamba sasa mume ataambatana naye. Akifika kwa Yuda haongei tena habari za mume, anamsifu Mungu tu. Mtu akiyasoma majina yale manne kwa mfuatano, amesoma barua ya mwanamke mwenye ndoa ngumu. Na Raheli, alipokuwa akifa kwa uzazi, alimwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu. Lakini Yakobo akambadilishia, akamwita Benyamini. Yakobo alijua kwamba mtoto atatembea na jina hilo miaka mingi baada ya machozi kukauka.

Muuguzi mwenzetu mmoja, aliyewahi kwenda kufanya kazi Botswana kama walivyofanya Watanzania wengi wa fani yetu, alitusimulia kwamba Watswana nao wako hivyohivyo. Msichana huitwa Mpho, yaani zawadi, au Lesego, yaani baraka. Aliyezaliwa baada ya msiba huweza kuitwa Matshidiso, yaani faraja. Nao wana methali isemayo kwamba jina baya ni ndege mbaya, kwa hiyo mzazi ajihadhari. Tulipoisikia methali hiyo tulifurahi, tukaona tumefanya busara kulificha jina la bibi. Kumbe tulikuwa hatujajiuliza kama ni jina baya kweli.

Usiku tuliomweleza

Kesho yake jioni tulimwita, tukawapeleka wadogo zake kwa jirani. Baba yake ndiye aliyeanza. Alimweleza maana ya jina kama tulivyoieleza hapo juu, kwamba hakuna aliyemwacha, na kwamba aliyesema maneno yale ni sisi, kwa kinywa cha bibi. Akauliza, "Kwa nini mseme Mungu hajawaacha? Mlidhani amewaacha?"

Hapo tukamwambia. Habari ya yule wa kwanza, na habari ya Baraka.

Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi si kifungua mimba." Tukasema, hapana mwanetu, wewe ni wa tatu. Akauliza, "Wamelala wapi?" Tukamwambia wako Ngara, nyumbani kwa bibi, chini ya migomba. Akasema, "Nimecheza pale miaka yote." Akalia, na mama yake akalia, na baba yake akatoka nje akasimama uani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nyumba yetu kuwalilia watoto wale kwa sauti tangu mwaka 2006.

Tuliogopa kwamba tumemwumiza. Asubuhi aliamka akasema anataka kwenda kwa bibi.

Kwa bibi

Siku ya Jumamosi tulitoka alfajiri, tukapata gari barabara kuu, tukashuka Benaco ili tupande jingine la kwenda Ngara. Tukiwa tunasubiri pale tulimweleza kwamba mwaka 1994, mwishoni mwa mwezi wa 4, watu zaidi ya laki 2 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, karibu wote ndani ya siku moja, na pale palipojaa maduka na malori walikaa watu chini ya matawi na maturubai mpaka macho yalipoishia. Sisi tulikuwa vijana wadogo wakati huo. Alisema shuleni wamesoma habari hiyo, lakini hakujua kwamba ilikuwa hapo.

Bibi alimpokea kwa utani wake wa siku zote, "Karibu, mke mwenzangu!" Lakini alipotuona nyuso zetu alielewa. Akasema, "Mmemwambia." Akaongeza, "Mmechelewa." Hakusema zaidi ya hapo juu ya kosa letu, nasi tunamshukuru.

Alitupeleka migombani. Vilikuwa vijilima viwili vidogo, vimezungushiwa mawe, na hapakuwa na jani hata moja. Miaka yote hiyo alikuwa akipalilia peke yake. Binti yetu akauliza, "Huyu ni Baraka. Na huyu anaitwa nani?"

Tukanyamaza, maana hakuitwa. Ndipo baba yake akasema polepole, "Mimi nilikuwa nimepanga kumwita Samweli." Miaka 20 tumelala kitanda kimoja, na mama wa mtoto alikuwa hajawahi kusikia jambo hilo.

Jioni binti yetu alimwuliza bibi alilitoa wapi jina lile. Bibi akasimulia. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 mwezi wa 10, watu walivuka mpaka usiku na mchana. Mwanamke mmoja alifika uani kwake akiwa na mimba kubwa. Mume wake na watoto wake wawili hawakufika naye. Alijifungua msichana ndani ya jiko la bibi. Bibi alitegemea kusikia jina la laana, na hakuna ambaye angemlaumu. Asubuhi mwanamke yule akasema mtoto anaitwa Ntirampeba. Bibi akamwuliza, "Mwanangu, Mungu hajakuacha wewe?" Akajibu, "Nimefika hapa." Baada ya siku chache akaondoka na wenzake kwenda kambini, na bibi hakumwona tena.

"Nilipompakata huyu," bibi akasema, "niliwaona wazazi wake wamekauka kama yule mwanamke. Wanaomba kanisani, wanacheka na watu, lakini wamekauka. Nikasema niwapatie maneno ya yule mama, labda iko siku watayahitaji."

Binti yetu ni mtoto wa kuuliza. Akasema, "Lakini bibi, 'haijaniacha' ni kama kusema bado. Je, kama ataniacha kesho?"

Bibi akacheka kidogo. "Kesho sijaiona, mke mwenzangu. Nasema niliyoyaona. Mpaka leo, hajaniacha. Kesho nikiamka nitasema tena."

Tumefundisha somo la imani katika kikundi cha akina mama mara nyingi, na hatukuwahi kulisema kwa ufupi namna ile. Tulikumbuka 1 Samweli mlango wa 7, pale Samweli aliposimamisha jiwe, akaliita Ebenezeri, akikiri kwamba Bwana alikuwa amewasaidia mpaka hapo. Hakuandika juu ya jiwe lile mambo ya miaka ijayo. Mtu aliyefiwa hawezi kuimba kwamba mambo yote ni mazuri, atakuwa anadanganya. Lakini anaweza kusema, nimefika hapa. Hilo ni kweli, nalo linatosha kwa siku moja.

Alivyoamua

Hatukumshurutisha. Tulimwambia kwamba akitaka jina liondolewe tutakwenda naye kuapa kiapo na kufuata taratibu, wala hatutamhesabia kuwa amemkosea bibi. Alirudi shuleni bila kutupa jibu.

Wiki mbili baadaye alipiga simu kwa simu ya mlezi wa bweni. Alisema ameiona orodha, na jina lake lilikuwa limeandikwa "Ntilampeba". "Nimewaambia wasahihishe," akasema. "Ni kwa r." Hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza.

Bado wapo wanaomcheka. Marafiki zake bado humwita Neema. Lakini anapoulizwa maana ya jina lake la pili, sasa anajua la kujibu. Na kila likizo hupitia kwa bibi, wakapalilia pamoja.

Neno letu kwa akina mama

Kwa yaliyotupata, tunaomba tuwaachie mambo machache.

Kwanza, mwambie mtoto wako maana ya jina lake, na habari ya siku alipopewa. Usingoje aulize. Usipomwambia wewe atamwambia mwingine, na huyo mwingine huenda akajua nusu tu.

Pili, ukiwa na uchungu wakati wa kumpa mtoto jina, tafuta kwanza mtu wa kumwambia uchungu huo: mama yako, mchungaji, muuguzi, rafiki anayejua kunyamaza. Ukishausema, pengine hutahitaji kuuandika juu ya mtoto. Yabesi wa 1 Mambo ya Nyakati mlango wa 4 aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa huzuni, na ilimlazimu amwombe Mungu ili huzuni ile isiwe fungu lake. Ikiwa umeshamwita binti yako Tabu, usijilaumu. Kaa naye umweleze kwamba tabu ilikuwa ya mwaka ule, wala si yeye.

Tatu, hakikisha jina limeandikwa sawasawa na kwa namna moja kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na shuleni. Muuguzi akikosea herufi, mwambie pale pale asahihishe. Sisi wauguzi hatuchukii. Herufi moja huweza kumpotezea mtoto siku nyingi za kuhangaika maofisini atakapokuwa mkubwa.

Nne, waliofiwa na watoto wachanga wasiambiwe wasahau. Usimwambie mwenzio "utapata mwingine". Mwulize mtoto alikuwa anaitwa nani. Kama hakupewa jina, wazazi wanaweza kumpa hata sasa. Siku hizi kliniki, mama anapojibu swali la mimba alizowahi kubeba, hatuandiki tarakimu tu tukaendelea na ukurasa. Tunauliza majina. Wengi hulia. Tunangoja.

Na kwa wakwe zetu tunasema asante. Wakati mwingine bibi huona jambo ambalo macho ya wenye vyeti hayalioni.

Sasa mezani kwetu, tukiomba kabla ya chakula, tunawataja watoto wote watano: Samweli, Baraka, Neema Ntirampeba, na wadogo zake wawili. Akina mama wenzetu, Mungu awatie nguvu nyumbani kwenu, mpaka hapa mlipofika, na kesho tena.